Stadi za silinda hedi kwa injini ya turbo: jinsi ya kuchagua na kufunga bila kuua bloki

Swali hili linanifikia karibu kila wiki na linakuja vilevile, "kaka nimeongeza busti, ninunue stadi gani za hedi?" (Stadi ni fito ya chuma yenye meno pande zote mbili, inasimama kwenye bloki na nati inabana hedi kwa juu; busti ni presha ya hewa inayosukumwa na turbo.) Ukimuuliza mwenye swali injini gani hasa, busti ngapi, gasketi gani, bloki inaenda kuchongwa au inafungwa ilivyo, kimya. Hela ameshaweka pembeni anasubiri jina la chapa tu. Ndo maana nimeona niandike yote mara moja, mwanzo mpaka mwisho, ili usije ukanunua kitu kikali kuliko unachohitaji alafu ukakifunga vibaya, maana hapo ndo hasara inapotokea. Stadi ya bei ya kati iliyofungwa kwa usahihi inashika hedi vizuri kuliko stadi ya bei ghali iliyokazwa kwa kubahatisha, na hilo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Mfano wangu mkuu ni Subaru za turbo, EJ20 na EJ25, kwasababu ndo zimejaa kwetu, Forester SG5, Impreza WRX, Legacy GT na ndugu zao. Mwenye 4G63 ya Evo au 1JZ na 2JZ za Toyota na yeye akae hapa hapa, hatua ni zilezile, nitawataja pale wanapotofautiana.

Kwanza ujue kama unazihitaji

Gari iko stoku, busti ya kiwandani, inaenda kazini na kurudi, na gasketi imeungua kwasababu ulichemsha, wewe huhitaji stadi. Unahitaji kujua kwanini ilichemsha. Funga bolti za kiwandani, mpya kama kitabu cha injini yako kinadai mpya, skimu hedi (uso wake ukwanguliwe unyooke), weka gasketi nzuri, safisha rejeta, maisha yaendelee.

Stadi zinaanza kuwa na maana pale presha ndani ya silinda inapopanda kuliko ile iliyofikiriwa na kiwanda, yaani umeongeza busti, umebadili turbo, umepandisha kompresheni, au injini inafunguliwa mara kwa mara kwa ajili ya mashindano. Piga hesabu kidogo uone kwanini. EJ20 ina kipenyo cha silinda milimita 92, eneo lake ni kama sentimita za mraba 66.5. Tuseme presha ya mlipuko ifike baa 100, hapo hedi inasukumwa na nguvu ya karibu tani 6.8 kutoka kwenye silinda moja tu. EJ25 yenye kipenyo cha 99.5 kwa presha hiyohiyo inakaribia tani 7.9. Na EJ ina bolti 6 tu kwa kila hedi, silinda mbili zinagawana, zile mbili za kati zinafanya kazi ya pande zote mbili. Linganisha na 2JZ yenye bolti 14 kwa silinda 6 ndo utaelewa kwanini mwenye 2JZ anachelewa sana kuanza kulalamika.

Tofauti ya bolti na stadi ni hii, na nadharia yenyewe inaishia hapa. Bolti ukiikaza inafanya kazi mbili kwa pamoja, inazunguka ndani ya meno ya bloki huku inavutika, kwahiyo inajinyonga na meno ya bloki yanasagika, na kama bloki ni ya alumini kama EJ unaelewa namaanisha nini. Stadi imetulia kwenye bloki, kinachozunguka ni nati huku juu kwenye meno laini, yaani yaliyokaribiana, stadi inavutika tu bila kunyongwa. Matokeo yake mkazo unalingana stadi hadi stadi, na ukifungua mara tano meno ya bloki hayajaguswa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Namba kamili ya injini iliyogongwa kwenye bloki. Jina la gari halitoshi, Forester ni nyingi na injini zake ni tofauti.
- Namba unayolenga, busti na nguvu. Hata makadirio, ila yawe ya kweli.
- Gasketi mkononi au angalau ushajua ipi, unene na chapa.
- Toki renchi (spana inayopima toki, yaani nguvu ya kukaza) nzuri ambayo hukaa imelegezwa, na kama inawezekana ipimwe. Toki renchi iliyokaa miaka miwili imekazwa kwenye boksi la spana haiaminiki.
- Soketi ya pembe 12 yenye ukuta mwembamba. Nati nyingi za stadi hizi ni za pembe 12 na nafasi kwenye hedi ya EJ ni finyu.
- Allen ndogo ya kuingizia stadi.
- Venia, rula ya chuma iliyonyooka kabisa, na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya).
- Tepu (tap, kifaa cha chuma cha meno ya matundu) ya kusafishia meno, sio ya kukatia. Nitaieleza.
- Kompresa yenye hewa kavu, breki klina, vitambaa visivyotoa manyoya, miwani ya macho.
- Mafuta maalum ya kukazia yaliyokuja na stadi. Yasipokuwepo kwenye boksi yanunue kabla ya siku ya kazi.

Kwa EJ ongeza kreni ya kushusha injini. Nafasi kati ya hedi na chesisi ni ndogo na hedi inatakiwa iingie moja kwa moja juu ya stadi ndefu, kwahiyo injini itoke nje. Wapo wanaolazimisha ikiwa ndani kwa kupitisha stadi baada ya hedi kukaa, sikushauri, huoni tundu, huoni gasketi, na uchafu mmoja ukidondoka kazi yote imeharibika.

HATUA YA 1: Jua saizi ya bolti ulizonazo sasa

Toa bolti moja pima. Kipenyo, umbali wa meno, urefu kutoka chini ya kichwa mpaka mwisho. Usitegemee maneno ya muuzaji. EJ za turbo zinakuja na bolti za milimita 11, na stadi za kuingia moja kwa moja bila kuchonga chochote ni za milimita 11 vilevile.

Wa 4G63 hapa ndo mnapopotea sana. Kuna bloki ya bolti 6 na ya bolti 7, na hizo 6 na 7 ni bolti za flaiwili kwenye krenki, sio za hedi. Ya bolti 6 ya zamani inatumia milimita 12 kwenye hedi, ya bolti 7 inatumia milimita 11. Ukiagiza tu "stadi za 4G63" una nafasi nzuri ya kupokea zisizokuingia. Mimi duka moja liliniletea za saizi nyingine kabisa baada ya wiki tatu za kusubiri, na boksi lilikuwa limeandikwa gari yangu vizuri tu kwa nje, kwahiyo sasa hivi nafungua boksi na venia ikiwa mkononi kabla sijaondoka.

HATUA YA 2: Chagua kipenyo

Kwa EJ una njia mbili, ubaki na 11 au uende 14. Kwa hesabu ya kipenyo, eneo la chuma la 14 linazidi la 11 kwa zaidi ya asilimia 60, ni ongezeko kubwa sana na ndo maana injini za mashindano makali zinaenda huko. Ila 14 haiingii hivihivi. Bloki inatobolewa na kukatwa meno mapya, matundu ya hedi yanapanuliwa, na kazi hiyo inataka mashine yenye kushika bloki wima kabisa na mtu aliyewahi kuifanya. Tundu likienda mshazari nusu digrii stadi inasimama imeinama, hedi haikai.

Msimamo wangu, na ni msimamo wa mtu anayelipia gari yake mwenyewe: gari ya mtaani na ya kutoka wikiendi, turbo ya wastani, baki na 11 za ubora. Nenda 14 pale tu injini nzima inajengwa upya, bloki inafungwa deki (uwazi wa juu unaozunguka silinda unazibwa), slivu (kuta za silinda) zinabadilishwa, na tayari bajeti ya mashine shopu ipo. Kutoboa bloki nzima nzuri kwa ajili ya busti ambayo hutoitumia ni kuipunguzia bloki nyama bure.

HATUA YA 3: Chagua chuma

Hapa ndo watu wanapenda kukimbilia namba kubwa. ARP, kampuni ya Ventura, California iliyoanza 1968, ndo wengi wanaitumia kwahiyo nitatumia majina yake, chapa nyingine zenye heshima zina vyuma vya daraja zinazofanana.

*8740 kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdenamu).* Nguvu yake ya kuvutwa iko karibu psi 200,000, yaani kama MPa 1,380. Linganisha na bolti ya daraja 10.9 ambayo ni MPa 1,040, au 12.9 ambayo ni 1,220. Hii ndo stadi ya watu wengi na kwa wengi inatosha kabisa.

*ARP2000.* Karibu psi 220,000. Inavumilia zaidi bila kupoteza tabia. Ukiwa unaenda busti ya juu na bado uko kwenye milimita 11, pesa ya ziada iende hapa.

*L19.* Karibu psi 260,000. Kali sana, na ina ugonjwa wake, ikipata unyevu na chumvi inaweza kupasuka yenyewe ikiwa imekazwa, bila kutoa dalili. Inatakiwa ibaki na oili muda wote na isishikwe kwa mikono yenye jasho. Sasa wewe uko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, upepo wa bahari, jasho linatiririka, kulanti (maji ya kupozea injini) ikivuja kidogo tu inafika kwenye stadi. Kwa gari ya kutembelea pwani mimi siiweki, nasema kabisa.

*Custom Age 625+.* Kiwango cha L19 au zaidi na haishiki kutu. Bei yake ni ya watu wa mashindano.

Na kuna kitu watu hawakifikirii, hedi ya alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata moto. Kwahiyo injini ikichemka vizuri mkazo kwenye stadi unapanda wenyewe. Stadi nzuri imetengenezwa ivutike kama springi ngumu, ndo maana nyingi utaziona shina la katikati ni jembamba kuliko kwenye meno. Sio upungufu wa chuma, imefanywa makusudi. Fundi asikwambie "hii nyembamba itakatika".

Na tafadhali sana, usikubali kuchongewa stadi kwa mkerezaji kutoka kwenye nondo ya chuma isiyojulikana, wala kukatiwa fito ya meno ya 12.9 kutoka duka la bolti. Meno ya stadi nzuri yanakandamizwa kwa roli, na ya kwenye mashine ya kukereza yanakatwa. Pale palipokatwa ndo ufa unapoanzia.

HATUA YA 4: Hakikisha ni orijino na ni kamili

Seti ya EJ ni stadi 12, nati 12, washa 12. Hesabu. Zipange mezani kwa urefu, nyingine zinaweza kutofautiana, soma karatasi uone ipi inakaa wapi. Angalia meno chini ya mwanga, yawe safi bila vijinywele. Zungusha kila nati kwa vidole kwenye kila stadi mpaka mwisho wa meno, ishuke laini. Ikikwama sehemu moja usiilazimishe, rudisha.

Feki zipo na zinazidi kupendeza. Ninachoangalia mimi ni mchoro uliogongwa kwenye kichwa cha stadi, karatasi ya maelekezo yenye namba ya toki ya injini husika, na washa. Washa za feki mara nyingi ni laini, ikwaruze na faili, ya kweli imekazwa kwa moto na faili inateleza. Boksi lisilokuwa na karatasi ya toki mimi silinunui hata liwe na bei gani.

HATUA YA 5: Uso wa hedi na bloki

Stadi haitibu uso uliopinda. Weka rula ya chuma kwenye hedi, kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona, pitisha fila geji chini yake. Linganisha na kipimo cha kitabu cha injini yako. Gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, ile inayoandikwa MLS, inataka uso laini, watengenezaji wanataja Ra (kipimo cha ukwaru wa uso) ya mikroinchi 50 au laini zaidi. Mwambie mtu wa mashine hivyo, asikuskimie kwa kisu kile cha hedi za malori.

Sasa jambo ambalo linasahaulika kuliko yote. Kama silinda zinaenda kuchongwa au kuhonwa (kusuguliwa ndani kwa mawe maalum), zihonwe huku bamba nene la chuma limefungwa juu ya bloki kama vile hedi, kwa stadi hizihizi mpya, kwa toki hiihii na gasketi ya aina hiyohiyo. Stadi zikivuta bloki, silinda inabadilika umbo, inakuwa yai kidogo. Ukihona kwa bolti za zamani alafu ukafunga stadi, silinda uliyoilipia iwe duara sio duara tena, na utakuja kushangaa injini mpya inakula oili. Kwa mantiki hiyohiyo, injini ambayo chini haijaguswa, ringi zimeshazoea silinda, ukibadilisha kwenda stadi kali tarajia oili iongezeke kidogo. Ujue hilo kabla, uamue.

HATUA YA 6: Matundu ya bloki

Hii hatua nenda taratibu kuliko zote. Safisha kila tundu kwa tepu ya kusafishia meno, ile ambayo haikati chuma kipya, inasukuma uchafu tu. Tepu ya kawaida ya kukatia inakula alumini kila ukiipitisha na meno yanalegea. Kama huna, kuna watu wanachukua bolti ya zamani ya injini hiyohiyo wanaipasua mifereji mitatu kwa grainda nyembamba, inafanya kazi vizuri.

Alafu breki klina, alafu hewa, alafu kitambaa kwenye bisibisi nyembamba mpaka chini, alafu hewa tena. Nilikuwa na rafiki tunafunga SG5 yake, tundu la tano upande wa kushoto tulishalipuliza mara mbili, juu kavu kabisa linang'aa. Nikamwambia piga tena, akachomeka bomba la hewa mpaka chini, ikaruka kulanti ya kahawia kama kijiko cha chai, ikapaka miwani yangu yote na bamba la gasketi lililokuwa mezani. Hiyo kijiko cha chai ingebaki mle, stadi inashuka, maji hayabanwi, na kinachoachia ni alumini. Bloki inaweza kupasuka kutokea ndani na unaweza usijue mpaka uiwashe.

Angalia pia kama tundu lina mwisho au limetobokea kwenye njia ya maji. Injini nyingine, kama Chevrolet small-block za Marekani, matundu yake ya hedi yanaingia kwenye maji, hapo meno ya chini ya stadi yanapakwa silanti ya meno. Tundu lenye mwisho halihitaji silanti. Tochi na waya mwembamba vinakupa jibu.

Meno yakiwa yameng'oka usijidanganye kwamba stadi itashika. Wenye Toyota za 2AZ-FE wanalijua hili vizuri, meno ya bolti za hedi kule nyuma yanang'oka na alumini inatoka kama springi. Dawa ni kuweka bushi ya chuma yenye meno, tundu zima, kwa vifaa vyake, kabla ya stadi.

HATUA YA 7: Kuingiza stadi

Zungusha kwa vidole mpaka ikae chini, malizia na Allen kwa mguso mdogo tu. USIKAZE. Stadi inaingia kwa mkono, mkazo unatoka kwenye nati. Ukiigandamiza chini kwa nguvu inasukuma sakafu ya tundu na inaweza kusimama imeinama. Upande wa meno ya nafasi pana ndo unaingia kwenye bloki, meno laini juu. Nimekuta zimefungwa kinyume, zikakwama katikati.

Zikishasimama zote angalia kwa mbali kama ziko wima sambamba. Pitisha hedi bila gasketi kwanza, iteleze mpaka ikae bila kulazimishwa. Toa, weka gasketi, rudisha hedi.

HATUA YA 8: Kukaza

Paka mafuta ya kukazia kwenye meno ya juu, chini ya nati, na juu ya washa. Chini ya washa, upande unaogusa hedi, pabaki pakavu ili washa isizunguke. Ukingo wa washa uliochongwa mshazari unaangalia juu.

Kwanini nasisitiza mafuta. Ukivuta toki renchi, karibu asilimia 90 ya nguvu yako inaliwa na msuguano, kwenye meno na chini ya nati, kinachobaki kama sehemu moja ya kumi ndo kinavuta stadi. Kwahiyo ukibadilisha mafuta umebadilisha kila kitu. Toki iliyoandikwa kwa mafuta maalum ukiitumia na oili ya injini, hedi inabaki imelegea na renchi imelia vizuri kabisa. Kinyume chake pia, toki ya oili ukiitumia kwa mafuta maalum unapitiliza.

Toki ni ile ya kwenye karatasi ya stadi. Sio ya kitabu cha Subaru, sio digrii za kiwandani, sio ya jirani. Na angalia kipimo, karatasi nyingi zinaandika futi-pauni kwanza. Futi-pauni 80 ni sawa na Nm 108 na kidogo. Mtu akisoma 80 akaseti renchi ya Nm, amekaza robo pungufu na gari itatoa maji kwenye busti siku ya kwanza.

Gawanya toki kwa awamu tatu zinazolingana. Anza stadi mbili za kati, toka nje kwa kuvuka msalaba, maliza zote awamu ya kwanza ndo uanze ya pili. Vuta taratibu kwa mwendo mmoja mpaka renchi ilie, usidonyoedonyoe. Kwenye EJ za kamshafti mbili kwa hedi, kamshafti zinakuwa nje wakati huu maana zinaziba nati.

Tia alama ya peni ya rangi kwenye kila nati iliyomaliza awamu ya tatu. Nati 12, alama 12. Simu ikipigwa katikati usipokee.

HATUA YA 9: Kabla ya kufunga kava

Rudisha kamshafti, pistoni zote ziwe katikati ya silinda, zungusha kamshafti moja moja kwa mkono polepole uone kama ncha ya stadi inagusa popote. Usizungushe kwa fujo, kwenye EJ hizi valvu zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa na shaka weka kipande cha plastisini juu ya stadi, zungusha, kiangalie kimebaki unene gani.

Kukaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa: fuata karatasi ya stadi na ya gasketi. Zikikutaka urudie, injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku, na nati inaguswa moja moja kwa mpangilio uleule.

Makosa ninayokutana nayo sana

Kubadilisha stadi moja moja, yaani toa bolti moja weka stadi, bila kuvua hedi. Kwenye injini zenye nafasi watu wanafanya na wengine wamefanikiwa, ila huwezi kusafisha tundu ipasavyo na gasketi ilishakandamizwa kwa mkazo mwingine. Kama injini ina shida tayari, usifanye.

Kuchanganya nati za seti mbili. Kurudishia washa za bolti za zamani. Kutumia grisi ya bearingi badala ya mafuta yake. Kutumia bunduki ya hewa kukazia, hata awamu ya kwanza, hapana.

Na kubwa kuliko yote, kununua stadi ili kuficha tyuni (mpangilio wa petroli na moto wa injini) mbovu. Injini inayonoki (petroli inalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda) kwasababu petroli ni ya oktani ndogo au hewa inayoingia ni ya moto inapiga presha ya ghafla kubwa kuliko hesabu niliyokupa juu. Stadi zikishika, kitakachofuata kuvunjika ni pistoni, na pistoni za EJ zinavunjika kwenye ukingo wa ringi. Tyuni kwanza.

Ikileta shida baada ya kufunga

*Maji yanajaa kwenye chupa ya akiba ukikanyaga, ukienda taratibu yanatulia.* Hiyo ni hedi kunyanyuka kwenye busti. Shusha busti hadi ya kiwandani ujaribu tena. Pata ile dawa ya bluu ya kupima gesi kwenye rejeta, ikigeuka njano gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Fungua, angalia gasketi ilipopita gesi, mara nyingi kuna mstari mweusi kati ya silinda mbili. Pima uso upya kabla hujalaumu stadi.

*Injini inachemsha hata ukienda taratibu.* Usikimbilie hedi. EJ inashika hewa kwenye mfumo wa maji kwa urahisi, itoe hewa pua ikiwa juu, hita ikiwa wazi, subiri feni iwake mara mbili.

*Nati moja inazunguka tu bila kufika toki.* Simama hapohapo. Ama meno ya bloki yanang'oka ama stadi imeanza kuvutika kupita kiasi. Legeza zote kwa mpangilio wa kinyume, toa hiyo stadi, pima urefu wake ulinganishe na mwenzake mpya. Ikizidi urefu, haifai tena. Ikiwa sawa, shida iko kwenye tundu.

*Mlio wa "tak" wakati wa kukaza.* Mara nyingi ni mafuta hayakufika chini ya nati, inakwama na kuachia. Legeza hiyo moja, paka upya, rudia kutoka awamu ya kwanza. Ukilia tena toa stadi uikague kwa lenzi.

*Oili inapungua kuliko zamani ila haivuji popote.* Rudi hatua ya 5, ni umbo la silinda. Pima kompresheni na upime uvujaji wa silinda, namba zikilingana kwenye silinda zote endelea kuendesha ukiongeza oili na uangalie kila kilomita 500. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa mbali, injini irudi mashine shopu ikahonwe na bamba, na hizo hizo stadi zako uende nazo.